Kikao Juu ya Theluji ya Kwanza

Ijumaa, 10 Oktoba 1997

Wenzangu katika safu, ninyi mlioketi juu ya magunia ya mchele na ninyi mliosimama kwa kukosa magunia: kamati imeamua, kwa mikono kumi na mmoja bila wa kupinga, kwamba katibu aandike shajara ya msimu huu na kuwasomea kila Ijumaa, ili kesho asitokee wa kusema kwamba hatukujua tulichokuwa tukikifanya. Katibu ni mimi, Nuru, mwanafunzi wa sheria, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Naanza.

Kilichotukusanya ni barua. Tharcisse, mwenzetu wa mwaka wa tatu wa kemia, ameandikiwa kwamba kibali chake cha kuishi hapa hakitaongezwa, na kwamba ifikapo tarehe 20 Desemba awe ametoka Ubelgiji. Kwake, kurudi Bujumbura si kurudi nyumbani. Mtaa aliozaliwa umeteketezwa, na waliouteketeza wanalijua jina lake. Tumeandamana mara tano hapa Brussels, kutoka Porte de Namur kushuka Chaussée d'Ixelles, na mara zote tano hatukupata hata mstari mmoja gazetini. Basi leo nikasimama nikasema: ikiwa mji huu umetuzoea barabarani kiasi cha kutotuona tena, twendeni mahali ambapo hakuna aliyewahi kutarajia kumwona mtu wa kwetu. Twendeni kwenye milima ya Alpi. Tutandaze juu ya mto wa barafu kitambaa chekundu cha mita ishirini chenye maneno mawili ya Kifaransa, THARCISSE RESTE, yaani Tharcisse anabaki, na picha yake tuipeleke katika kila chumba cha habari.

Mikono kumi iliunga mkono. Mmoja ulipinga, nao ni wa Kasoki.

Kasoki ametoka Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Mchana huosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Saint-Josse, jioni husomea uuguzi. Alisema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Bon, mi barafu naijua. Papa yangu alikuwa anabeba mizigo ya bazungu mpaka kule juu. Siku moja balienda banane, bakarudi saba. Ile haiko fasi ya mukutano."

Amissi, mwenzetu wa uhandisi, akajibu kwamba hofu ya dada Kasoki iandikwe katika kumbukumbu, na kumbukumbu zihifadhiwe kwenye friji. Tulicheka. Nami nilicheka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Maman Marie-Jeanne, mwenye duka hili linalotuhifadhi, amekubali tushonee kitambaa nyuma ya rafu za samaki wakavu. "Banangu," ametuambia, "mulikimbia masasi kule kwenu, sasa munaenda kutafuta kifo mu friji?" Kisha akatupatia cherehani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumepata mwalimu. Bwana Wauters alifundisha watu kupanda milima kwa miaka thelathini, hadi goti lake likakataa. Hatakwenda nasi. Atatufundisha, alisema, kwa sababu ameona kwamba tutakwenda hata asipotufundisha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo, wenzangu, nataka msikie somo la kwanza kama tulivyolisikia sisi watano tuliochaguliwa kwenda: Tharcisse, Amissi, Kasoki, mimi, na Kazadi, yule mpwa wa Maman Marie-Jeanne ambaye sauti yake ndiyo hufungua nyimbo zetu za maandamano.

Bwana Wauters aliomba sinia, sukari na unga wa ngano. Alimimina sukari juu ya sinia, akaisawazisha. Juu yake akachekecha unga kwa unene wa vidole viwili, akaushindilia taratibu kwa kiganja hadi ukashikamana kama ubao. Kisha akaliinua sinia upande mmoja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Aliligonga kwa ukucha. Unga wote ukateleza kwa pamoja, bamba moja, ukaanguka sakafuni.

"Theluji ya kwanza ya msimu ni kidogo," alisema. "Watu huiona kidogo wakadhani na hatari ni ndogo. Lakini theluji kidogo, ikikaa chini ya anga safi na baridi kali, hugeuka chembechembe kama sukari hii. Haishiki kitu. Baadaye inakuja theluji nyingine, na upepo unaishindilia juu yake. Ukikanyaga hapo, wewe ndiye ukucha."

Kuhusu mto wa barafu alituambia kwamba una nyufa zinazoweza kumeza nyumba, na kwamba mwanzoni mwa msimu nyufa hizo hufunikwa na daraja la theluji lisiloweza kumbeba hata mbwa. Unapotembea huioni tofauti. Kwa hiyo kwenye barafu watu hufungana kwa kamba, wakiachana hatua kumi na tano. Kwenye mteremko wenye theluji ya kushuku huvuka mmoja mmoja, na wengine hubaki mahali salama wakimtazama.

Tharcisse akauliza ni wapi basi watu hutembea bega kwa bega.

"Hakuna mahali," alisema Bwana Wauters.

Amissi aliniegemea akaninong'oneza kwamba mzee huyu ni mwanaharakati wa ubinafsi. Nilicheka tena. Maman Marie-Jeanne alifagia unga, akasema tutaulipia kwa kufagia wenyewe wiki nzima.

Ijumaa, 31 Oktoba

Siku ya mjadala mkali. Bwana Wauters ametupa sharti: mlimani hakuna wingi wa kura. Mmoja akisema narudi, wote wanarudi, bila swali, hata kama mmoja huyo ndiye mjinga kuliko wote.

Nilipinga. Mlinisikia. Niliwauliza: je, tumeikimbia amri ya mtu mmoja huko kwetu ili tuje kuikaribisha hapa kwa kuwa imevaa koti la baridi? Niliuliza: tangu lini hofu ya mmoja ikawa na uzito kuliko uamuzi wa wote? Nilisema kwamba kamati hii imejengwa juu ya nguzo moja, duara. Tunapopiga kura tunasimama duarani, karibu kiasi kwamba kila mmoja anaona mkono na uso wa mwenzake, na asiyeweza kuinua mkono mbele ya nyuso zetu hana haki ya kutushika miguu. Mlipiga makofi. Sharti likaanguka kwa mikono saba dhidi ya minne.

Wakati mnapiga makofi, Kasoki alikuwa akiandika kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango. Kila siku hupiga simu kusikiliza hali ya hewa ya milimani, huiandika kwa penseli. Leo aliandika: *Anga safi. Baridi.*

Jumanne, 4 Novemba

Mvua hapa. Kule: anga safi, baridi.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumekwenda msitu wa Soignes kujifunza kumtafuta aliyefukiwa. Kila mmoja wetu amevaa kifuani kifaa kiitwacho arva, kidogo kama redio, kinachotoa mlio usiosikika na sikio. Mmoja akifukiwa, wengine hugeuza vifaa vyao visikilize, na mlio huongezeka kadiri unavyomkaribia. Bwana Wauters ameviazima kwa rafiki zake. Alifunga kimoja ndani ya gunia, akalifukia chini ya majani makavu mahali tusipopajua, akatazama saa yake.

Tulikimbia kama kuku. Amissi alifuata mlio wa kifaa cha Kazadi, kwa kuwa Kazadi alisahau kukigeuza. Mama mmoja aliyekuwa na mbwa alisimama akatuuliza tumepoteza nini. Kazadi akamwambia, "Muntu, maman," na yule mama akaondoka haraka akimvuta mbwa.

Tulilipata gunia. Bwana Wauters hakutukaripia. "Dakika ishirini na sita," alisema. "Wengi huishi wakitolewa katika robo saa ya kwanza. Huyu mwenzenu amekwisha kufa."

Mchezo ulikuwa gunia. Hata hivyo Tharcisse alilitazama lile gunia kwa muda, kisha akalipangusa majani.

Jumapili, 9 Novemba

Ukurasa huu nitaukunja, sitausoma Ijumaa.

Naogopa. Nimeliandika neno hilo, na mkono wangu haukudondoka. Jana, nilipokuwa nimepiga magoti nikifukua majani, niliona waziwazi kwamba hawa wanne wanakwenda kwa sababu ya ulimi wangu. Kazadi hajui theluji zaidi ya ile inayoyeyuka kwenye kofia yake akishuka tramu. Amissi anajua hesabu za madaraja ya chuma. Ya theluji hayajui. Tharcisse anakwenda kwa sababu jina lililoshonwa ni lake na anaona haya kubaki. Mimi nilihutubu.

Ningeweza kuiondoa hoja. Lakini uamuzi uliopita kwa mikono hauvunjwi ila kwa mikono, na sheria hiyo niliiandika mimi.

Alhamisi, 13 Novemba

Kule: anga safi, baridi kali.

Ijumaa, 14 Novemba

Mazoezi ya kamba kwenye ngazi za nyumba ya Maman Marie-Jeanne. Kazadi alining'inia kutoka ghorofa ya pili akiimba. Jirani alimwita polisi, polisi akaja, akatazama, akaomba aonyeshwe fundo.

Mmeshangilia leo mliposikia kwamba hali ya hewa imekuwa nzuri kwa siku kumi na tano. Kasoki hakushangilia. Alisema tu, "Siku kumi na tano ya kupika sukari," akaketi.

Jumatano, 19 Novemba

Anga safi. Baridi. Nimeanza kuyachukia maneno haya mawili.

Jumamosi, 22 Novemba

Msituni tena. Dakika tisa. Bwana Wauters amesema gunia litaishi.

Jumanne, 25 Novemba

Ukurasa mwingine wa kukunjwa. Leo maktabani nimesoma kitabu cha ajali za milimani. Nilitafuta mwezi wa Desemba katika orodha. Nilidhani nitakuta theluji nyingi na wapumbavu. Nimekuta theluji kidogo na watu makini: mwalimu na wanafunzi wake, ndugu wawili, daktari. Mara nyingi sentensi ni ileile: *walikuwa wamesimama karibu karibu.* Nilifunga kitabu. Msichana aliyeketi mbele yangu aliniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 28 Novemba

Kule juu imenyesha theluji kwa siku mbili, na upepo wa kasi toka kaskazini. Mmefurahi. Amissi amesema hatimaye karatasi imekuwa nyeupe, sasa tuandike. Kitambaa kimekamilika, kimekunjwa, kina uzito wa mtoto wa miaka miwili.

Bwana Wauters alikuja, akasikia habari za theluji na upepo, akaniambia mimi peke yangu mlangoni: "Binti, ngojeni Februari."

Nilimwambia Februari Tharcisse hatakuwapo.

Alivaa kofia yake. "Hilo ndilo linalonitisha," alisema. "Wenye sababu nzuri hawageuki."

Jumapili, 30 Novemba

Nimemfuata Kasoki kazini. Nilimkuta akimkausha nywele bibi mmoja Mflamandi aliyekuwa akimwita kwa jina la binti yake, naye Kasoki akiitika. Nilingoja. Alipomaliza tuliketi kwenye korido yenye harufu ya supu.

"Kasoki," nilimwambia, "unapinga tangu siku ya kwanza. Mbona unakwenda?"

"Sababu munaenda. Na mu kikundi yote ya wasomi, mimi tu njo najua kushika beleshi."

Nikamwuliza kama anaogopa.

"Sana. Lakini weye unaogopa kunipita, Nuru. Nakuona. Ukisoma ile cahier yako mbele ya batu, unaruka makaratasi."

Nilikuwa nimemdharau mwanamke huyu kwa wiki saba kwa sababu hajui kupamba maneno. Sasa naona kwamba katika kamati nzima ni yeye peke yake ambaye hofu yake ilikuwa na macho. Yangu ilikuwa imejificha nyuma ya hotuba, ikazidi kunenepa.

Nilimwomba aongoze mlimani. Alisema ataongoza, ila hataki kura.

"Kura haiko mkononi mwangu," nilisema.

"Bon," alisema, akarudi kwa bibi yake.

Ijumaa, 5 Desemba

Tunaondoka kwa gari la kubebea mizigo la duka. Maman Marie-Jeanne ametupa sombe ya majani ya muhogo, chai ya tangawizi na skafu tano. Amemfunga Tharcisse yake shingoni mwenyewe, akikaza, kama anamfungia mtoto.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika katika ukumbi wa hospitali, kwenye mji mdogo wa Savoie.

Lifti za wenye kuteleza kwenye theluji hazijafunguliwa msimu huu. Tulianza kupanda kwa miguu asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Kasoki alitangulia. Kila tulipofika mahali wazi alituamuru tuachane, nasi tuliachana, tukajiona mahodari. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Theluji ilikuwa nyeupe, laini, isiyo na alama hata ya ndege, na mimi niliiogopa kama mtu anavyoogopa tabasamu la askari wa kizuizini.

Saa tano hivi tulifika chini ya mteremko wa mwisho. Ng'ambo ya mteremko huo ndiko uliko mto wa barafu. Tuliuona ukingo wake, rangi ya buluu, wenye nyufa wazi kama midomo. Tulipanda mteremko hadi katikati, mmoja mmoja, hatua hamsini kati yetu. Hapo Kasoki alisimama, akatoa beleshi, akachimba shimo la kina cha kiuno. Akachota kiganja kutoka chini. Hata kutoka mbali niliona jinsi kilivyomwagika kati ya vidole vyake. Sukari.

"Mi narudi," alisema. Sauti ilifika kwetu sote.

Wenzangu, hapa ndipo mnisikilize. Palikuwa na jambo moja la kufanya, nalo ni kugeuka. Amissi akapaza sauti kutoka nyuma: "Hoja ipigiwe kura. Uamuzi wa kamati ni wazi." Kazadi akamwitikia. Nami, katibu, ambaye nilikuwa nimesoma kitabu maktabani, ambaye nilikuwa nimeandika naogopa tangu Novemba, niliifuata desturi yetu. Niliita duara.

Niliwaita waje karibu. Mimi. Walikuja wote, kutoka juu na kutoka chini, hata Kasoki alikuja, akija kutuzuia, na kwa kuwa upepo ulikuwa ukitunyang'anya maneno tulisogeana hadi mabega yakagusana. Watu watano na kitambaa, juu ya kipande cha mteremko kisichozidi meza.

"Wanaopendelea kuendelea," nilisema.

Amissi. Kazadi.

"Wanaopendelea kurudi."

Kasoki. Kisha, polepole, Tharcisse. "Munisamehe," alisema. "Mi sitaki mujue kuandika jina langu vizuri halafu nikose kulisoma."

Wawili kwa wawili. Walinitazama. Nilikuwa na mkono wangu na nyuso nne. Nitawaambia ukweli: sijui ningeuinua upande gani. Nimejiuliza tangu mchana, na sijui.

Kishindo kikalia chini yetu. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kizito, kama gunia limeangushwa ghorofa ya chini. Theluji yote ilizama chini yetu unene wa kidole, na ufa mwembamba ukakimbia kutoka miguuni petu kwenda kushoto, ukapotea nyuma ya mwinuko.

Tulifanya nini? Tulifanya kile ambacho miili yetu imefundishwa kufanya mbele ya ngao na farasi wa polisi. Tulishikana. Mikono ndani ya mikono, viwiko vimefungwa, vichwa chini. Kazadi akaanza wimbo, kwa sauti ya chini, nasi tukauchukua. Nilihisi mbavu za Tharcisse zikipanda na kushuka dhidi ya zangu. Naapa kwamba katika dakika ile nilijiona salama.

"Mutawanyike," Kasoki alisema. "Mutawanyike, mutawanyike."

Mnalijua neno hilo. Ndilo tulilotupiwa kwa vipaza sauti kila mara. Na jibu letu kwa neno hilo, jibu nililowafundisha mimi mwenyewe ngazini pa chuo, ni moja: kukaza. Tulikaza. Kasoki alikuwa akijichomoa kwenye mkono wa Kazadi, na Kazadi, akiwa amefumba macho, alikuwa akimvuta arudi.

Nilitazama ule ufa. Nikaelewa kwamba hakuna sababu, hata ya haki, itakayowafanya waachane. Wangeelewa baadaye, chini. Wenzangu, sikuwa na hotuba. Nilikuwa na maneno mawili tu ambayo kamati hii haijawahi kuyabishia, kwa kuwa yakishasemwa hata Amissi huchukua koti lake akaenda zake.

"Kikao kimefungwa," nilisema.

Wimbo ulikatika. Mikono ililegea, mmoja baada ya mwingine, kama kila Ijumaa. Kasoki hakungoja. Akaonyesha mwamba uliojitokeza mkono wa kulia, hatua arobaini. "Kazadi, enda. Polepole. Usiruke." Alikwenda. Tulimtazama hadi akaukumbatia mwamba. "Amissi." Alikwenda. Nilikwenda mimi, sikumbuki kitu isipokuwa sauti ya viatu vyangu, na kwamba nilitamani kukimbia kama sijawahi kutamani kitu. Kisha Kasoki. Alimwambia Tharcisse auache mzigo wa kitambaa, naye akakataa kwa kichwa. Uko mgongoni, alisema, haunizuii kutembea. Alikuwa wa mwisho.

Alifika katikati. Mteremko ulikatika juu yake, ukiwa na mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa kisu, na bamba lote likaondoka naye. Halikuwa na kelele kama nilivyodhani. Lilikuwa na sauti ya nguo inayochanika. Nilimwona hadi kiunoni, nikaona bega lake, kisha nikaona unga tu ukipanda hewani.

Amissi alitaka kuruka. Kasoki alimshika kola. "Ngoja isimame. Nuru, umemwona wapi mara ya mwisho? Onyesha na kidole. Usishushe kidole." Sikukishusha. "Arva zote, geuza. Kazadi, geuza yako." Kazadi aligeuza. Tulishuka.

Kipande cha kitambaa chekundu kilikuwa kimejitokeza juu ya theluji, na Amissi akakikimbilia, akaanza kuchimba kwa mikono akiita jina. Kasoki alipita karibu naye bila kusimama. "Ile ni nguo tu, Amissi. Fuata mulio." Kifaa chake kilikuwa kinalia chini zaidi, hatua thelathini. Akapiga magoti, akakipeleka kushoto, kulia, akachomeka fimbo ndefu ya kupimia mara tatu. Mara ya tatu haikuendelea.

Theluji iliyokuwa laini asubuhi ilikuwa imekuwa saruji. Tulichimba kwa zamu, wawili wakichimba, wawili wakiondoa. Nilichokuwa nikikiona mbele yangu ni lile gunia. Nilimsikia mtu akihesabu dakika kwa Kifaransa, onze, douze, kisha nikajua ni mimi.

Skafu ilionekana kwanza. Kisha kidevu. Uso ulikuwa na rangi ya jivu, mdomo umejaa theluji. Kasoki aliingiza vidole viwili akautoa ute na barafu, akamwinamia. Tharcisse alikohoa kama mtu aliyepaliwa na chai.

Kazadi alikaa chini akalia kwa sauti. Alikwenda baadaye yeye na Amissi kupiga simu kijijini, wakiachana hatua hamsini bila kuambiwa. Helikopta ilikuja. Goti limevunjika, na mbavu mbili. Yuko hai. Nyuma ya mlango huu, yuko hai.

Nimepiga hesabu ambayo sikuiomba. Kama tungebaki tumeshikana, bamba lile lingetuchukua watano, na juu ya theluji pasingebaki mtu wa kushika beleshi.

Jumapili, 7 Desemba

Bado niko hospitalini. Nimempigia simu Bwana Wauters. Aliuliza swali moja: mlikuwa wangapi nje ya theluji? Nilimwambia wanne.

Jumanne, 9 Desemba

Nimerudi Brussels. Kila metro inapopita chini ya Botanique sakafu hutetemeka kidogo, nami husimama nikiangalia miguu yangu. Watu hunipita.

Jumatano, 10 Desemba

Hatimaye tumeingia gazetini. Mistari minne: wanafunzi watano wa Kiafrika wasio na uzoefu waliokolewa. Jina la Tharcisse halimo, wala sababu.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekunjua kurasa zote zilizokunjwa. Kesho nitazisoma kama zilivyo, pamoja na ule wa Novemba unaosema naogopa. Sikuondoa hata herufi, ingawa nilitaka.

Najua baadhi yenu mtauliza kwa nini katibu alifunga kikao bila kura. Mnayo haki. Nitajibu nikiwa nimekaa. Nitaomba pia sharti la Bwana Wauters lirudishwe mezani, na tuliandike hata kwa ajili ya barabara zetu: anayeogopa asemapo turudi, tunarudi kwanza, kisha tunamwuliza alichokiona. Msiponiunga mkono nitaelewa. Nilifundisha kinyume chake kwa miaka miwili, na nilifundisha vizuri.

Tharcisse bado yuko kitandani Savoie na barua bado ina tarehe yake. Amenituma niwaambie kwamba kitambaa kibaki kilipo na kwamba anataka wakili. Hataki picha.

Kwa hiyo, wenzangu: kesho, Ijumaa tarehe 12 Desemba, saa kumi na mbili jioni kamili, nyuma ya duka la Maman Marie-Jeanne. Ajenda ni moja, siku nane zilizobaki. Kasoki anatoka kazini saa kumi na moja na nusu na atafika akiwa amechoka, basi mpisheni gunia la mbele. Atazungumza wa kwanza.